Tusiwafundishe Watoto Kulinda Namba

Ndugu msikilizaji, mwangaluka! Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi hapa Tabora, na ukimwamkia mzee wa Kinyamwezi atakuuliza habari za nyumbani kwako moja baada ya nyingine kabla hajakuruhusu useme lililokuleta. Leo nitazifupisha salamu, maana nina jambo linalonisumbua moyoni na muda wa kipindi ni mfupi.

Nataka kuzungumzia mchezo. Najua wapo watakaonyoosha mkono wazime redio, wakisema: huyu naye, nchi ina mambo mangapi mazito, yeye anatuletea michezo. Nivumilie kidogo. Mchezo wenyewe ni sataranji, ambao vijana wetu huuita chesi. Ila kilichonifanya nishike kalamu ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa watoto wa watu.

Kila Jumamosi alasiri, kwa miaka kadhaa sasa, hukutana na watoto wapatao ishirini chini ya mwembe, tukiwa na mbao sita na kete za plastiki. Mchezo huu niliujua chuoni, nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na ubao wenye kete pungufu, na ngome moja tuliifanya kwa kizibo cha soda. Sijapata kuwa bingwa. Najua mwendo wa kila kete, najua mbinu chache, na nina subira. Kwa mtoto anayeanza, hayo yanatosha.

Siku moja nikapata wazo nililoliona la maana sana. Nikachukua karatasi ya manila, nikaandika majina ya watoto wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mbele ya kila jina nikaweka namba ya kiwango chake. Namba hizo nilizikokotoa kwa kanuni ile ile inayotumiwa na FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kila Jumamosi nikawa nazisahihisha kwa kalamu nyekundu. Karatasi nikaibandika ukutani, kwenye stoo tunamohifadhia mbao.

Majuma ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watoto waliwahi kufika, wakajifunza kwa bidii, wakasukumana mbele ya karatasi kutazama nani amepanda. Nikajisifu moyoni. Kumbe nilikuwa napanda mbegu nyingine.

Mwezi wa tatu nikaanza kuona vioja. Kijana aliyekuwa wa kwanza akawa anafika tumeshapanga nani acheze na nani, anakaa pembeni na kutoa ushauri kwa wengine. Wa pili yake akawa anawatafuta wanaoanza, wale wasiojua hata kumlinda malkia, anawafunga watatu kwa alasiri moja na kwenda zake. Marafiki wawili wakawa wanapeana mkono wa sare kabla jasho halijawatoka. Binti mmoja akawa anaumwa kichwa kila alipopangiwa mtu mgumu.

Mimi nikayaita yote hayo utovu wa nidhamu, nikafoka. Mpaka Jumamosi moja nilipomwambia yule kijana wa kwanza, njoo ucheze na mimi leo. Alitazama chini, akaniambia kwa adabu kabisa:

“Samahani mwalimu, nikifungwa na wewe nitashuka.”

Ndugu msikilizaji, jibu lile sikulala nalo. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa na mtu tayari kumfundisha bure, na alichokiona kwa mtu yule ni hatari ya kupoteza pointi. Nani aliyemfundisha kuona hivyo? Karatasi ile niliibandika mimi.

Tutazame kwanza kipimo chenyewe, tusije tukakionea. Kilibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia huko Marekani, na FIDE ilikipokea mwaka 1970. Hesabu yake ni ya haki. Mchukue kijana wa chini ya miaka 18, kama hawa wetu. Akicheza na aliye sawa naye, akishinda anapata pointi 20, akishindwa anapoteza 20. Akicheza na anayemzidi kwa pointi 400, hesabu inamtarajia apate kiasi cha pointi moja ya mchezo katika michezo 11. Kwa hiyo akifungwa anapoteza pointi 4 tu za kiwango, lakini akishinda anapata 36. Sasa ligeuze. Akicheza na aliye chini yake kwa pointi 400, ushindi unampa pointi 4, na akiteleza akafungwa zinakwenda 36.

Yaani aliyetunga kipimo aliiona hila yetu zamani. Anayewawinda wanyonge huokota chembe na kuhatarisha gunia zima. Anayemkabili mwenye nguvu huhatarisha chembe. Niliwaeleza watoto hesabu hii ubaoni, wakaielewa, na bado wakaendelea kukwepa. Kwa nini? Kwa sababu pointi nne zina hesabu, lakini aibu haina. Mtoto aliyeko juu ya karatasi haogopi kupungukiwa. Anaogopa kuonekana amepungukiwa.

Nilipokuwa katika kutafakari hayo, jioni moja nikapita barazani kwa wazee wanaocheza bao. Mmoja wao aliniuliza mbona nimenuna kama niliyedaiwa. Nikamsimulia. Yeye sataranji haijui, lakini alicheka, akagonga ubao wake kwa kidole.

“Mwanangu,” akasema, “ugonjwa huo sisi tunaujua. Kwenye bao kuna nyumba.”

Kwa wasiolijua bao la kete, nieleze kidogo. Mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, na katika hizo za ubaoni, sita zinakaa katika shimo moja liitwalo nyumba. Nyumba ndiyo mali yake. Wakati wa kunamua, ukila kete za mwenzio na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumbani, una hiari: ulale hapo, au usafiri, yaani uzizoe kete zote za nyumba na kuzisambaza mashimoni.

“Anayejifunza,” akasema mzee, “hupenda kulala. Nyumba inanona, ina kete kumi, kumi na mbili, anaitazama kwa raha. Halafu mwenzie anaila yote kwa mkupuo mmoja, naye anabaki ameshika tama. Sikuambii usafiri kila mara, maana mjinga naye husafiri kila mara. Lakini asiyesafiri kabisa, huyo hakuja kucheza bao. Amekuja kulinda shimo.”

Neno lile la safari lilinirudisha mbali. Mji wetu huu umezaliwa na safari. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata mkondo ule ule kwa sehemu kubwa. Wageni huja kutazama tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872, na wanafanya vizuri. Lakini waliobeba mizigo ya njia ile walikuwa babu zetu, wapagazi, kila mmoja na kiasi cha frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mwendo wa miezi.

Siisifu biashara ile. Ndani yake mlikuwa na watumwa, na wapagazi wengi walizikwa kando ya njia. Ninachokitaka hapa ni jambo moja tu. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walizoezwa mapema kubeba pembe ndogo. Angalia busara iliyomo humo. Mtoto hakupewa pembe la mtu mzima likamvunja shingo. Wala hakuachwa kijijini mpaka awe na nguvu ndipo aonyeshwe njia. Alipewa mzigo mdogo, akatembezwa njia ile ile ya wakubwa. Na jina alilipata kwa kwenda na kurudi. Sijasikia kijana aliyesifiwa kwa kukaa mlangoni akilinda jina alilokuwa hajalipata.

Basi wengine watasema: bwana, mambo ya wapagazi ni ya kale, bingwa wa leo lazima alinde hadhi yake. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Bobby Fischer wa Marekani. Mwaka 1972, huko Reykjavik, alimshinda Boris Spassky na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1975 alipotakiwa kutetea taji, alitoa masharti yake, sharti moja likakataliwa, naye hakutokea. Taji likaenda kwa Anatoly Karpov bila kete moja kusogezwa. Fischer hakucheza tena hadharani mpaka mwaka 1992. Miaka ishirini, mtu aliyekuwa na kipaji cha nadra, nyumba imejaa kete na hakusafiri. Waliopata hasara ni wapenzi wa mchezo, na naamini yeye mwenyewe kuliko wote.

Wa pili ni wa jirani zetu, Phiona Mutesi wa Katwe, kitongoji cha mafukara mjini Kampala. Alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Uji ndio uliomvuta kwanza. Mwaka 2010 alikwenda Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, akakutana na wanawake waliofundishwa tangu utotoni, akafungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Miaka miwili baadaye, Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko wakapata vyeo vya kimataifa. Mwaka 2016 habari zake zikatengenezewa filamu, na Lupita Nyong’o akaigiza kama mama yake. Sasa fikiri, kama mwaka 2010 mtu angesema, tusimpeleke huyu mtoto, ataaibika na kiwango chake kitashuka, leo tungekuwa tunamzungumzia nani?

Ndipo nikaibandua karatasi. Wengine walinuna, hasa wa juu. Mahali pake nikabandika nyingine, haina wa kwanza wala wa mwisho. Mbele ya kila jina kuna mambo mawili: umecheza mara ngapi na anayekuzidi, na kosa gani umeligundua katika mchezo uliofungwa. Kila mtoto ana daftari la kuandikia hatua zote za mchezo. Sare hairuhusiwi kabla ya hatua ya 30. Wanaoanza nao wana pembe yao ndogo: wanacheza na wakubwa kwa mfalme na askari tu, bila kete nyingine, wajue ubao kabla haujawalemea. Na mimi nimejikataza swali moja. Mtoto akiinuka ubaoni simuulizi tena “umeshinda?” Namuuliza, “nionyeshe mahali palipokuwa pagumu.”

Msidhani imekuwa rahisi. Mwaka jana tulichangishana na wazazi tukawapeleka watoto wanne kwenye mashindano Mwanza. Mzazi mmoja alikataa kabisa mwanawe asiende. Aliniambia, “Mwalimu, hapa mtoto ni wa tatu. Kule atakuwa wa ngapi?” Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu lugha ile ya wa tatu na wa nne aliipata kwangu.

Binti yule wa kuumwa kichwa alikwenda. Alicheza michezo sita. Alifungwa minne, akatoka sare mmoja, akashinda mmoja, na ule alioushinda hakuwa na hamu ya kuuzungumza. Katika basi la kurudi alifungua ubao mdogo mapajani, akapanga mchezo wa tatu, ule aliofungwa vibaya, akaniuliza, “Mwalimu, hapa farasi wangu angekwenda wapi?” Nikatazama. Sikujua. Tukapita Shinyanga tukiwa tunajaribu, mara huku, mara kule, na abiria wa kiti cha nyuma akachungulia naye akatoa shauri bila kujua mchezo. Tulipofika Nzega tulikuwa bado hatujapata jibu. Lakini kichwa hakikumuuma.

Tuliposhuka stendi ya Tabora, swali la kwanza la wazazi lilikuwa lile lile: “Wameshinda?”

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tujitazame sote, maana ugonjwa huu si wa sataranji peke yake. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kama ilivyokuwa desturi. Wengi walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilimkumbuka jirani yangu mmoja, aliyeitwa na shule ya mwanawe, ambayo sitaitaja, akashauriwa amhamishe mtoto kabla ya mwaka wa mtihani kwa kuwa “atashusha wastani”. Je, huo ulikuwa ushindani? Shule iliyomfukuza mwanafunzi mzito ili ibaki ya kumi ina tofauti gani na kijana wangu aliyekataa kucheza ili abaki wa kwanza? Wote wamelala na nyumba iliyonona. Tofauti ni kwamba kijana alihatarisha mchezo wake, na shule ilihatarisha maisha ya mtoto wa mwenzie.

Sipingi kupima. Mkulima wa tumbaku wa Urambo asiyepima mzigo wake atapunjwa, na mrina asali lazima ajue ana madumu mangapi. Namba ya sataranji nayo ina kazi yake: inatuambia mtoto yuko wapi leo, ili tumpangie mtu wa kumsukuma kesho. Ubaya unaanza pale namba inapogeuka kuwa kitu cha kutunzwa kabatini. Hapo mtoto anakuwa mlinzi wa usiku wa jina lake mwenyewe, na mlinzi kazi yake ni kukaa macho mlangoni, haendi popote.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, na walimu, na ninyi mnaowafundisha watoto mpira, riadha, ngonjera au kitu chochote kile, nawaomba jambo dogo. Mtoto akirudi nyumbani amefungwa, usimuulize kwanza matokeo. Muulize alicheza na nani, na amerudi na nini. Akiwa amefungwa na anayemzidi, na anaweza kukuonyesha mahali alipokosea, huyo ametembea. Mwekee chakula, mwache apumzike, na Jumamosi ijayo mpangie mgumu zaidi kidogo. Kidogo, nasema. Pembe iwe ya kimo chake.

Nilipoibandua ile karatasi, yule kijana wa kwanza hakununa kama wenzake. Aliacha tu kuja. Mama yake ananiambia anacheza kwenye simu, na kwamba programu ile nayo inampa namba, na ikishapanda anaizima simu ili isishuke. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara zote amenipokea vizuri, ameniletea kiti, ameniambia ana kazi nyingi za shule.

Sitamtaja jina hapa redioni, yeye mwenyewe anajijua. Mwanangu, kama unanisikiliza, karatasi ile haipo tena. Kosa lilikuwa langu, wala si lako. Jumamosi saa tisa alasiri nitakuwa pale pale mwembeni, na ubao wa kwanza nitaupanga kwa ajili yako na mimi. Ukinifunga, sitashuka. Nikikufunga, utanionyesha mahali palipokuwa pagumu.

Wasikilizaji wangu, kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.